Bumu la miezi miwili, kodi ya miezi sita

Wiki mbili kabla vyuo vikuu havijafunguliwa, mitaa inayokizunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hubadilika sura. Msewe, Changanyikeni na Makongo Juu hupita bajaji zilizobeba magodoro yaliyofungwa kamba, na kwenye nguzo za umeme hubandikwa vikaratasi vyenye namba ya simu na neno moja la herufi kubwa: DALALI. Nyuma ya dalali hutembea kijana aliyekumbatia bahasha ya vyeti, na nyuma ya kijana mara nyingi yupo mzazi, mjomba au dada mkubwa ambaye kwenye kila geti huuliza swali lile lile: hampokei ya mwezi mmoja mmoja?

Hawapokei. Ni miezi sita, au mwaka.

Mjadala wa malazi ya wanafunzi nchini huishia kwenye hesabu ya vitanda. Vitanda ni vichache kweli, na kila bajeti ya serikali hukumbushwa hivyo. Lakini kinachoiumiza zaidi familia ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni tarehe za malipo. Fedha ya mkopo, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, huja kwa vipande na huja baada ya masomo kuanza. Kodi ya chumba hudaiwa kwa mkupuo na hudaiwa kabla. Pengo hilo hubebwa na kaya ambayo haikuwa na fedha tangu mwanzo, ndiyo maana mtoto akaomba mkopo. Linaweza kuzibwa bila kumwaga zege hata ndoo moja, endapo vyuo vitakubali kuingia katika mkataba wa upangaji kama upande wa tatu.

Kitanda cha chuo

Mwanafunzi mpya huanzia bwenini, au hutamani kuanzia hapo. Bweni lina bei nafuu, lipo karibu na maktaba, na umeme wake haununuliwi kwa tokeni. Vyuo vingi huwapa kipaumbele wa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu na wanafunzi wa kike. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa chuo, majina hutangazwa, kisha kila aliyepangiwa hupewa namba ya malipo na siku chache za kulipa. Hapa ndipo wengi huteleza. Anayesubiri bumu ili alipie kitanda hukuta kitanda kimeshapewa mwingine, kwa sababu mfumo haujui kwamba korosho za baba yake bado hazijapita mnadani.

Ujenzi umefanyika, na haupaswi kubezwa. Aprili 2017 yalizinduliwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mabweni 20 yanayoitwa ya Magufuli, yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilipandishwa kwenye vilima vyake pamoja na mabweni, hivyo sehemu kubwa ya wanafunzi wake hulala chuoni. Kwingineko hali ni tofauti. Malimbe kule Mwanza, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na Changarawe iliyo pembeni ya Mzumbe, ni sehemu ambazo uchumi wake unasimama juu ya vyumba vya wanafunzi: mama ntilie, kinyozi, duka la vocha, mchoma chipsi, wote wanaijua kalenda ya mitihani kuliko baadhi ya wahadhiri.

Anayekosa kitanda na hana pa kwenda hubebwa. Kubebana ni utaratibu usiomo kwenye kanuni yoyote ya chuo lakini unaojulikana na kila mlezi wa bweni: wawili hulala kwenye kitanda cha mmoja, mara nyingi mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Godoro la futi mbili na nusu halikukusudiwa watu wawili wazima. Anayebeba huhatarisha nafasi yake, anayebebwa hutoka alfajiri kabla ya ukaguzi na kurudi usiku kama mwizi. Vyuo hukataza, hufukuza mmoja mmoja, kisha hufumba macho. Vifanyeje? Vikiwatoa wote kwa usiku mmoja, vitawapeleka wapi?

Kwa ndugu

Njia ya pili ni ya ukoo. Kila familia ya mkoani ina mtu Dar es Salaam, na barua ya udahili ikifika, simu hupigwa kwa shangazi wa Mbagala au kaka wa Gongo la Mboto. Shangazi hakatai. Nani atakataa mtoto wa ndugu aliyefaulu kwenda chuo kikuu?

Ila mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mjini ni kuosha vyombo, kuwachukua wadogo shuleni, kukaa dukani Jumamosi na kupika jioni ya kuamkia jaribio. Binti hupewa jembe zito kuliko kaka yake, na hilo halina ubishi. Juu ya jembe kuna barabara. Anayesikiliza kipindi cha saa moja asubuhi Mlimani kutoka Mbagala huamka saa kumi, na kipindi cha mwisho kikiisha saa moja usiku hufika nyumbani watu wameshakula. Nauli hiyo, ukiijumlisha kwa mwezi, si mbali sana na kodi ya chumba cha kushirikiana wawili.

Kaya inayopokea nayo huumia kimya kimya. Sebule huwa chumba cha kulala, watoto wa nyumba husogezwa, unga huisha siku nne kabla ya mshahara. Bumu likitoka, mwenyeji hutegemea japo kilo za sukari, naye mwanafunzi anafikiria ada ya muhula. Hakuna anayelisema. Uhusiano wa ndugu wawili waliokuwa wanapendana huweza kuchakaa ndani ya mwaka mmoja wa masomo, na chanzo chake hakitajwi hata kwenye kikao cha harusi ambako mmoja wao hakuchanga.

Dalali na hela ya kuonyeshwa

Ndugu wakishindikana, anabaki dalali. Dalali wa vyumba hana ofisi. Ana kijiwe, mara nyingi pale pale wanapoegesha bodaboda, na ana kumbukumbu ya kutisha. Anajua chumba kipi kina choo cha ndani, kipi ni masta, nyumba ipi ina mgogoro wa mirathi na mama yupi mwenye nyumba hapendi wapangaji wa kiume. Kwa mtu aliyeshuka jana kituo cha mabasi cha Magufuli, maarifa hayo yana thamani, na si haki kumfanya dalali kuwa shetani wa hadithi hii.

Tatizo lipo katika namna anavyolipwa. Mwenye nyumba kwa kawaida halipi kitu. Anayelipa ni mpangaji: kodi ya mwezi mmoja kama udalali, na kabla ya hapo hela ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata kama chumba ni kibovu. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mtu anayelipwa na mpangaji ana faida kodi ikipanda, maana udalali wake ni kodi hiyo hiyo. Atambembeleza vipi mwenye nyumba ashushe elfu kumi, wakati elfu kumi hiyo ni yake? Na chumba kikipata mpangaji mpya kila baada ya miezi sita, udalali huingia mara mbili kwa mwaka.

Simu imeongeza sura nyingine. Picha za chumba chenye vigae na feni hupita kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wapya, bei ni ya chini kuliko mtaa, na ujumbe unaofuata huwa mmoja: tuma advansi nikushikilie, kuna wengine wanakitaka. Kijana aliyeko Kigoma au Songea hutuma. Akifika, namba haipatikani, au chumba kipo kweli ila kimeshikiliwa kwa watu watatu. Kinga yake ni ya kizamani: fedha haitoki mpaka mtu wa kuaminika akanyage sakafu ya chumba hicho, afungue bomba, awashe taa na kuonana na mwenye nyumba mwenyewe. Mtu huyo hukosekana mara chache. Kuna kaka aliyesoma sekondari moja na mhusika, kuna kwaya, kuna jumuiya ya msikiti wa chuo, kuna serikali ya wanafunzi.

Na kuna jambo ambalo wageni hulijua wakiwa wameshachelewa. Vyumba vizuri havifiki kwa dalali kabisa. Hutoka mkononi mwa anayehitimu kwenda kwa mdogo wake wa mkoa au wa idara, pamoja na pazia, meza na wakati mwingine jiko la gesi. Anayeanza kuuliza Julai hukipata chumba hicho; anayeanza Novemba hukutana na kikaratasi cha nguzo ya umeme.

Hesabu ya miezi sita

Chukua chumba cha kawaida, choo cha nje, kodi ya shilingi 70,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 420,000. Udalali 70,000. Hela ya kuonyeshwa, tuseme vyumba viwili vya kwanza havikufaa, 20,000. Kabla mwanafunzi hajanunua godoro, ndoo, neti na kitasa kipya, 510,000 zimeshatoka. Kitasa kipya si anasa, maana haijulikani mpangaji aliyepita alichonga funguo ngapi.

Sasa upande wa pili. Kiwango cha fedha za chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Huletwa kwa awamu za takribani siku 60, yaani kama 600,000 kwa anayepata kiwango kamili. Kwenye karatasi inaonekana inatosha. Lakini 600,000 hizo ni chakula cha miezi miwili pia, na haziji mpaka mwanafunzi awe amesajiliwa, jina lake limehakikiwa na amesaini. Bodi hutangaza majina kwa awamu. Aliyemo katika awamu ya tatu huishi wiki kadhaa akiwa na udahili bila senti. Asiyepata mkopo hayumo hata kwenye hesabu hii.

Mwenye kaya hufanya nini? Huuza. Ng'ombe huuzwa Oktoba, mwezi ambao malisho yamekauka na mnyama amekonda, kwa bei ya mwezi huo. Mahindi ya akiba hutolewa ghalani kabla mvua hazijajulikana zitakuwaje. Mama hukopa kikundi cha vikoba, ambako hisa zake zilikuwa za kumalizia bati, na hurejesha kwa riba. Mkulima wa korosho wa Newala ana ahadi ya mnada, lakini mwenye nyumba wa Changanyikeni hapokei ahadi. Hakuna kati ya gharama hizi inayoonekana kwenye mwongozo wa udahili, ambao hutaja ada ya masomo hadi shilingi ya mwisho.

Mwenye nyumba naye ana hoja. Vyumba vingi vya wanafunzi havikujengwa na kampuni. Vimejengwa na mwalimu mstaafu kwa kiinua mgongo, na mjane aliyegawa kiwanja, na fundi aliyepandisha kimoja kimoja kwa miaka kumi. Benki hazikumkopesha. Kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua nondo za chumba kinachofuata. Kwa maneno mengine, mzazi aliyeuza ng'ombe Kahama anamkopesha mjenzi wa Makongo Juu bila riba na bila kujua. Isitoshe, mwenye nyumba ameshaona mwanafunzi akihama usiku akiwa na deni la miezi mitatu. Kumfuata mtu wa namna hiyo kila tarehe moja ni kazi ya kuchosha, na busara yake inamwambia achukue zote mapema.

Sheria haimzuii. Ile ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba za kupanga ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kinachotawala ni makubaliano ya pande mbili. Makubaliano kati ya mwenye funguo na asiye na pa kulala, bila shaka, yana upande mmoja wenye sauti. Kwa jirani zetu wa Kenya mambo si hivyo. Juja, palipo na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, au Kahawa Wendani jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, mpangaji mpya kwa kawaida huingia kwa kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, kisha hulipa kila mwezi. Wakenya wana malalamiko yao, na amana ambazo hazirudi ni mojawapo, lakini mzazi wa Kitui haulizwi nusu mwaka getini. Biashara ya vyumba haijafa kwa sababu hiyo. Juja ghorofa zinaota.

Ili mwenye nyumba wa Makongo Juu naye akubali malipo madogo madogo, chuo kinahitajika, na si kwa kujenga. Mwanafunzi anayemaliza shahada hawezi kuchukua cheti mpaka asainiwe fomu na maktaba, mhasibu na mlezi wa bweni kuthibitisha kwamba hadaiwi. Fomu hiyo ni dhamana iliyolala. Chuo kikiwa na orodha ya nyumba zilizokaguliwa, na kikakubali kwamba deni la kodi katika nyumba hizo litahesabika kama deni la kitabu cha maktaba, mwenye nyumba atakuwa na uhakika ambao kodi ya miezi sita haijawahi kumpa. Kwa kubadilishana na uhakika huo, apokee mara nne kwa mwaka wa masomo, kila bumu linapotoka. Hatapata fedha ya nondo kwa mkupuo, kweli. Atapata wapangaji ambao hawahami usiku, na hatamtegemea dalali kujaza vyumba.

Watasema wahusika kwamba chuo ni taasisi ya taaluma, hakikuanzishwa kusimamia nyumba za watu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama matokeo ya nyumba za watu yasingeonekana darasani. Mwanafunzi anayekosa jaribio la kwanza kwa sababu anazunguka Msewe na dalali ni mwanafunzi wa nani?

Karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na upangaji wa wanafunzi kwa sehemu kubwa hauna daftari. Fedha huhesabiwa sebuleni, funguo hutolewa, na pande zote hukubaliana kwamba ni watu wazima. Mwenye nyumba ana sababu yake ya kupenda mdomo kuliko maandishi: kipato cha pango kinadaiwa kodi ya asilimia 10, na karatasi ni ushahidi. Mpangaji hana sababu yoyote ya kuipenda hali hiyo, ila ugeni.

Mkataba unaofaa hauhitaji wakili wala Kiingereza cha mahakamani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha, wenye majina kamili na namba za vitambulisho, kiasi cha kodi na miezi iliyolipwa, tarehe ya kuanza na ya kuisha, notisi ya siku ngapi kwa anayetaka kuvunja, na nani anatengeneza nini kikiharibika. Hali ya chumba siku ya kuingia iandikwe: dirisha lenye ufa, taa isiyowaka, doa la maji darini. Mjumbe wa shina au ofisi ya serikali ya mtaa washuhudie. Hiyo ina faida ya pili, maana mwanafunzi anatambulika mtaani kabla hajahitaji kutambulika usiku wa manane. Kodi ipite kwenye simu au benki, ambako huacha alama, na jina la mpokeaji lilingane na lililo kwenye mkataba. Jina lisipolingana, ni wakati wa kuuliza nyumba ni ya nani hasa. Baba mdogo anayepangisha nyumba ya marehemu wakati warithi wapo mahakamani ni kisa cha kila mtaa.

Wanafunzi wanaochangia chumba huhitaji karatasi nyingine kati yao wenyewe. Wawili au watatu hukusanya fedha, mmoja huandikwa jina, mambo huenda vizuri hadi matokeo ya muhula wa kwanza. Mmoja akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, huenda nyumbani na theluthi yake ya kodi inayofuata. Waliobaki wanakuwa na siku kumi za kumtafuta mwingine ambaye hawamjui, au kubeba mzigo wa watatu kwa bumu la wawili. Ugomvi wa sukari na zamu ya kudeki husuluhishika, huu hauishi. Makubaliano ya mistari mitano yaliyoandikwa siku ya kuingia, kwamba anayetoka kabla ya wakati hutafuta wa kuziba nafasi au hupoteza alicholipa, yangeokoa urafiki mwingi.

Mgogoro na mwenye nyumba ukishindikana mtaani, yapo Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kwa kodi ya miezi mitatu, ni wachache wenye muda wa kwenda huko na kurudi huku mitihani ikikaribia. Ndiyo maana nguvu ya karatasi iko siku inaposainiwa zaidi kuliko siku inapopelekwa barazani.

Luku, maji na geti

Chumba cha bei nafuu huficha bei yake kwenye mita. Nyumba ya vyumba vinane yenye mita moja ya Luku huchangisha kwa kichwa, na ugomvi huanza pale mmoja ana taa na chaji ya simu tu, mwingine ana friji, na wa tatu huchemsha maji ya kuoga kwa hita saa kumi na moja alfajiri mlango ukiwa umefungwa. Kuuliza kama chumba kina submita ni swali la maana kuliko kuuliza kama kina vigae.

Mita ina jambo jingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukusanywa kupitia manunuzi ya umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida wakati huo, kisha 1,500 tangu Julai 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayekatwa ni yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi, na katika nyumba ya kupanga huyo ni mpangaji. Makubaliano ya kurudishiana yanaruhusiwa. Ni wanafunzi wangapi wamewahi kumwendea mama mwenye nyumba kudai elfu moja na mia tano? Kiasi ni kidogo, lakini kinaonyesha mteremko ulivyo, kwamba kila gharama isiyo na mwenyewe huteremkia kwa asiye na sauti.

Maji yana hadithi yake. Oktoba na Novemba, pale mvua za vuli zinapochelewa na Mto Ruvu unapopungua, Dar es Salaam huingia kwenye mgao, kama ilivyokuwa mwaka 2022. Hiyo ndiyo miezi ya kupanga. Bomba kavu siku ya kuonyeshwa chumba lisimtishe mtu peke yake, ila kama hakuna simtanki wala kisima jirani, dumu la maji litakuwa sehemu ya kodi, hasa kwenye miinuko ya Makongo na Changanyikeni ambako presha haipandi. Muulizaji mzuri huwauliza wapangaji, hamuulizi mwenye nyumba.

Geti lina kanuni. Saa nne usiku limefungwa, wageni hawalali, muziki mwisho saa tatu. Kwa mzazi kanuni hizo ni habari njema, kwa mwanafunzi wa uhandisi anayemaliza maabara usiku ni adhabu. Maktaba hufungwa usiku, na njia ya kwenda chumbani mara nyingi haina taa, ina kichaka na daraja la mbao. Wanafunzi wa kike hulipa zaidi kwa ajili ya njia hiyo: hupanga karibu na chuo kwa bei ya juu, au huchukua bodaboda kwa umbali wa kutembea dakika kumi, kila siku, kwa miaka mitatu. Wapo pia wenye nyumba na madalali wanaomfanya binti anayechelewa kodi kuwa windo. Binti wa miaka 19 anayedaiwa, katika nyumba ambayo funguo za ziada anazo mwanamume anayemdai, yuko mahali ambapo hakuna mzazi angemweka kwa kujua. Kodi inayolipwa kwa awamu ndogo ingepunguza ukubwa wa deni, na deni dogo halina nguvu ya namna hiyo.

Hosteli binafsi zimejitokeza kujaza nafasi hii. Huuza kitanda badala ya chumba, wanne au sita pamoja, kwa muhula, zikiwa na mlinzi, maji na wakati mwingine intaneti. Kwa kitanda kimoja ni ghali ukilinganisha na chumba cha Msewe kilichogawanywa kwa watatu, lakini zimefanya ambalo wenye nyumba wengi husema haliwezekani. Zinatoza kwa muhula, zinatoa risiti, na vitanda vyake hujaa.

Julai

Mwaka wa masomo una miezi kama tisa. Mkataba una kumi na miwili. Aliyelipa sita Novemba huongeza sita Mei, na ifikapo mwisho wa Julai chuo kimefungwa naye ameshalipia hadi Oktoba. Wengine huenda mafunzo kwa vitendo Mtwara au Singida, wakilipa chumba cha pili huko huku cha kwanza kikiwa na kufuli, pazia na vumbi. Wanaokiachia hulazimika kurudi Novemba kwa dalali, na udalali mwingine.

Kati ya hapo kuna mtindo ambao umeenea kiasi cha kuonekana wa kawaida. Mwanafunzi akiwa likizoni na kodi yake ikiwa hai, mwenye nyumba hukikodisha chumba kwa wageni wa wiki mbili tatu, vitu vyake vikisukumwa stoo. Akirudi mapema hukuta viatu visivyo vyake mlangoni. Mkataba wa ukurasa mmoja ungeweza kulitaja hilo kwa sentensi moja, pamoja na njia ya katikati ambayo wenye nyumba waungwana tayari huikubali: nusu kodi kwa miezi ya likizo, vyombo vibaki ndani, kufuli ibaki ya mpangaji.

Kuhama nako kuna utaratibu wake. Usomaji wa submita huandikwa, chumba hukaguliwa kwa orodha ile ya siku ya kuingia, funguo hukabidhiwa mbele ya shahidi, na kama kulikuwa na amana hurudishwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kesho hupotelea kwenye simu isiyopokewa. Chuo kinachotaka kuanza kuingia katika mambo haya kinaweza kuanza na fomu ya usajili, ambayo tayari inamuuliza mwanafunzi anaishi wapi. Iongezewe mistari mitatu: jina la mwenye nyumba, kodi kwa mwezi, na miezi iliyodaiwa mkupuo. Baada ya usajili wa mwaka mmoja chuo kitakuwa na ramani ya bei za Msewe na Changanyikeni mtaa kwa mtaa, na mwanafunzi wa mwaka unaofuata ataweza kuisoma akiwa bado kwao Kigoma.